Setilaiti Imesema Mbuzi Wangu Wameshiba

Sogea hapo kwenye benchi, ndugu yangu, nafasi ipo. Mama Halima, ongeza kikombe, huyu atalipa. Nataka nikuulize kitu wewe uliyesoma. Setilaiti huwa inaona nini hasa? Maana mimi nimekaa Kulamawe hapa Isiolo miaka yote hii, natengeneza simu za watu, na sijawahi kuona setilaiti ikinitazama. Lakini naambiwa iko. Iko juu kule, inazunguka, inaangalia majani. Sikiza vizuri: majani. Mbuzi haiwaangalii.

Mambo yako hivi. Mwaka 2010 wataalamu wa utafiti wa mifugo walianzisha bima ya ajabu kule Marsabit. Ilipofika 2015 serikali nayo ikaipenda, ikaanza Wajir na Turkana, baadaye ikafika mpaka kwetu. Serikali yenyewe ilikuwa inamlipia mfugaji ada, lakini mwisho ilikuwa ng'ombe watano. Huna ng'ombe? Wanabadilisha. Mbuzi kumi ni sawa na ng'ombe mmoja. Sasa mimi nilikuwa na mbuzi tisa. Yaani kwa hesabu ya serikali nilikuwa na ng'ombe mmoja ambaye bado mguu haujafika.

Na hata hao tisa hawakuwa wangu. Walikuwa wa mama mkwe. Hilo tutalifikia, usinikimbize.

Mimi niliposikia setilaiti nikajua ni kamera. Kamera ni kamera, si ndiyo? Nikawaogesha mbuzi. Maji ya kununua, bwana, mtungi mzima. Nikawapanga uwanjani saa sita mchana, kila mmoja kivyake, wasije wakahesabiwa wawili kuwa mmoja. Jua la Isiolo unalijua. Yule mweupe akaanguka. Majirani wakatoka kuniuliza kama nina mgonjwa ndani, maana walidhani natoa kafara. Watoto wa madrasa wakasimama ukutani wanacheka. Nikawaambia wanyamaze, tunapigwa picha.

Ndipo akapita kijana mmoja mwenye kalamu mfukoni, anaelewa mambo hayo, akanieleza. Bima hii haimuulizi mtu kama mbuzi amekufa. Inauliza kama nyasi zimekufa. Ukijani wa eneo lote ukishuka chini ya kiwango walichoweka, pesa zinatoka, hata kama mbuzi wako wako hai wanarukaruka. Makusudi ni upate hela ya kununua nyasi na dawa kabla hawajalala. Ukijani usiposhuka vya kutosha, mbuzi wako wote wanaweza kulala chali miguu juu na hupati senti. Nikamwambia basi sisi tuko sawa, nyasi zilishakufa zamani. Akatazama simu yake. Akasema, "Mzee, eneo lenu bado linaonekana lina kijani."

Kijani! Wapi? Nikamshika mkono nikamzungusha. Kijani pekee pale ilikuwa rangi ya mlango wa msikiti, na ule mathenge uliojaa kando ya laga, ule mto wetu mkavu.

Mathenge unaujua. Mti wa miiba, haufi kwa jua, haufi kwa panga, haufi kwa matusi. Kila kitu kikikauka wenyewe uko hapo unang'aa. Na unajua ulikujaje? Serikali ndiyo iliuleta! Miaka ya 1980, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanapanda miti Baringo kuzuia jangwa, watu wapate kuni na kivuli. Hiyo nayo ilikuwa pesa ya kupambana na ukame, usisahau. Mti ukafurahi. Ukala malisho, ukafunga njia za maji, na maganda yake ni matamu mno, mbuzi akiyazoea meno yanaoza. Wailchamus wa Baringo wakachoka, mwaka 2006 wakaishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa kortini Nairobi kama kielelezo. Mbuzi ameona korti kuu! Mimi nimeishia kwa askari wa kaunti kwa sababu ya meza ya kutengenezea simu.

Kwa hivyo mimi nashuku, na sina ushahidi, kwamba setilaiti iliona mathenge ikasema hawa watu wameshiba. Kijana alinieleza kwamba wataalamu wana njia za kutenganisha. Sawa. Lakini yeye alikuwa na kalamu mfukoni, mimi nilikuwa na mbuzi aliyezimia.

Tuje kwa mama mkwe. Anakaa Garbatulla. Hana setilaiti, hana hata simu ya maana, ana ile mulika mwizi niliyomtengenezea nikakosea spika, kwa hivyo ukimpigia unasikia anavyopumua tu mpaka aamue kupiga kelele. Mwanzo wa 2021 alinipigia. Akapumua. Halafu akasema, "Baba Abdi, nimeuza nusu. Hao wengine nawaleta kwako mjini, huko kuna mfereji." Nikamwambia, "Mama, mbona unauza mapema, mvua itakuja." Hakujibu. Alikuwa ameshakata.

Aliuza mbuzi bei ikiwa bado bei. Akabaki na hela. Waliobaki, wale ambao hata mnunuzi aliwageuza mara mbili akawarudisha, ndio akanipakilia kwenye pikapu. Na maji ya mfereji wa Kulamawe hutoka usiku wa manane siku ambayo nimelala.

Serikali nayo haikuwa imelala, tusiseme uongo. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ile wanaiita NDMA, iko tangu 2011. Kila mwezi wanatoa taarifa, kaunti kwa kaunti. Wana hatua zao: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kufufuka. Mimi binafsi tangu nizaliwe sijawahi kuingia kawaida, lakini sikuandikiwa mimi. Kipimo cha majani kikiwa kati ya 20 na 35, ukame ni wa wastani. Kikishuka kati ya 10 na 20, ni mkali. Chini ya 10, hapo hata wao wanavua miwani. Mambo yako wazi kabisa kwenye karatasi. Mtu aliyeisoma ile karatasi mwanzo wa 2021 angefanya alichofanya mama mkwe. Ila mama mkwe hajasoma, na waliosoma hawakuuza mbuzi.

Utaniuliza, pesa hazikuwako? Zilikuwako, wacha nikuambie! Nimeelezwa na mwalimu mmoja mstaafu hapa hapa kwenye benchi, mpaka chai ikapoa. Katiba inataka kuwe na hazina ya dharura ya taifa, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ikasema isizidi shilingi bilioni 10. Kaunti nazo zinaweza kuweka mfuko wao wa dharura, malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato. Halafu mwaka 2016 wakapitisha sheria ya NDMA, ndani yake kuna mfuko mwingine, wa ukame peke yake, ili ukame ukija pesa zisianze kutafutwa kwa wafadhili. Kanuni za kuuendesha huo mfuko zikatoka lini? 2021. Miaka mitano, ndugu yangu. Ng'ombe angezaa, akazaliwa mtamba, mtamba akazaa, kanuni bado zinaandikwa. Na mimi nikichelewesha simu ya mtu siku mbili naitwa mwizi.

Na kuna ahadi moja ambayo mwalimu aliitoa mwisho, akacheka mpaka akakohoa. Serikali ilikuwa na mpango mkubwa kabisa, umeandikwa, umezinduliwa, wa kumaliza dharura za ukame. Wa kumaliza! Mwisho wa kumaliza ulikuwa mwaka gani? 2022.

Huo mwaka 2022 uliukuta wapi wewe? Mimi ulinikuta nachimba kaburi la mbuzi. Mvua ilikuwa imekosa tangu mwisho wa 2020, ikakosa misimu mitano mfululizo. Wazee wakasema hawajaona vile, wataalamu nao wakasema miaka arobaini haijaonekana. Hapo tu ndipo wazee na wataalamu walipopatana.

Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Redio ya Mama Halima ikasema zimetolewa bilioni 2. Sisi hapa kwenye benchi tulinyamaza. Bilioni mbili! Watu wakaanza kupanga. Mmoja akasema ananunua ngamia. Mimi nikachukua simu ya mteja iliyokuwa na kikokotoo, nikagawa kwa watu milioni 2.1 walioambiwa wana njaa wakati huo. Nikapata kama shilingi mia tisa hamsini kwa kila kichwa. Nikagawa tena. Nikazima simu nikawasha nikagawa tena. Mia tisa hamsini. Mwenye simu akanikuta, akaniuliza mbona namaliza chaji yake kwa hesabu za watu wengine. Mwaka uliofuata pakiti ya unga ilivuka mia mbili, nikaacha kugawa.

Na usidhani hizo mia tisa hamsini zinaletwa mkononi. Zinakuja zikiwa mchele, zikiwa boza la maji, zikiwa mafuta ya boza, zikiwa marupurupu ya aliyelisindikiza boza, zikiwa mkutano.

Mkutano nilihudhuria. Sikualikwa, lakini niliona magari makubwa meupe yamejipanga nje ya hoteli moja, nikajua pana kuku. Nikaingia na begi la vifaa vya simu, mlinzi akadhani mimi ni wa vipaza sauti. Ndani kuna hewa baridi, chupa za maji zimepangwa kila mtu na yake, nikamkumbuka mbuzi. Mtu mmoja mbele anaonyesha picha za mifugo iliyokufa, watu wanatikisa kichwa, wanaandika. Ilipofika chakula, wakasema kuna orodha. Jina langu halimo. Nikasema mimi ni wa vipaza sauti. Wa vipaza sauti wa kweli akatokea. Wakanionea huruma, wakanipa tisheti.

Tisheti kubwa, nyeupe, mgongoni imeandikwa maneno ya kukabiliana na ukame, mbele ina nembo tatu. Ilikuwa nguo nzima kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikaivaa asubuhi iliyofuata, nikatoka nayo kwenda soko la mifugo. Sikufika. Kwenye bomba la maji akina mama waliniona wakasimama wote. Mmoja akaniuliza boza lao liko wapi. Nikamwambia mimi ni fundi wa simu. Akanigeuza, akasoma mgongo, akawasomea wenzake kwa sauti. Wakanizunguka na mitungi. Mzee mmoja akanishika kola akaniuliza nyasi za wiki iliyopita nimeuzia nani. Mimi! Nilieleza mpaka nikaanza kujiamini kwamba labda nimeziuza kweli. Mwishowe niliandika majina yao yote kwenye daftari ili waniachie. Daftari hilo bado ninalo. Wananiuliza mpaka leo kama nimelipeleka.

Nilirudi nyumbani kifua wazi, tisheti kwapani.

Mbuzi wakaanza kufa. Kufa kwa mbuzi si shida, shida ni kumwambia mwenyewe. Nampigia mama mkwe. Anapumua. "Mama, mmoja ametangulia." "Yupi?" "Yule mweusi." "Weusi ni watatu." Sijui majina! Kila mbuzi ana jina, mama yake alikuwa na jina, na mimi nawaita nyinyi. Nikampiga picha marehemu nikamtumia, nikasahau simu yake haifungui picha. Nikaanza kumweleza kwa maneno. Pembe moja imepinda. Ana doa. Akanyamaza sana, halafu akasema, "Huyo alikuwa anakaribia kuzaa." Nikakata nikasema network.

Tukasikia kuna lori linanunua mifugo iliyodhoofika, ili watu wapate chochote na nyama isioze. Wazo zuri kweli, hapo sibishani. Ukinunuliwa mbuzi akiwa bado anasimama, unabaki na hela na nyasi kidogo zilizopo zinaliwa na wachache. Sasa mimi nilimpakata mmoja kwenye bodaboda, nimemfunika kanga ya mama Abdi, tumepanda watatu kama familia inayokwenda hospitali. Kufika, jamaa akafunua kanga. Akanitazama. Akasema, "Mzee, sisi tunanunua dhaifu, hatununui marehemu." Nikatazama. Kweli. Sijui aliniachia wapi. Bodaboda akanidai nauli ya abiria wawili, na ya kurudisha mzigo.

Zaidi ya mifugo milioni mbili na nusu ilikufa nchi hii ukame ule. Wanyama wa mwituni nao, Novemba 2022 waziri wa utalii Peninah Malonza alitoa hesabu yao: tembo 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, na wale wa huku kwetu wenye mistari myembamba 49. Walihesabiwa mmoja mmoja. Nilimsomea mama mkwe hiyo habari nikidhani itamfariji. Akauliza, "Na wangu?"

Wakati huo alikuwa ameshahamia kwangu. Garbatulla kulishakuwa hakukaliki. Alikuja na godoro lake, nyama ya nyirinyiri kwenye mkebe ambao haufunguliwi bila yeye, na zile hela za mbuzi aliowauza mapema, ambazo hakuna aliyewahi kuziona lakini kila siku kwenye duka ananunua sukari.

Sasa ngoja nikupe habari ya pesa za mkononi. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa serikali wa kupambana na njaa, una miaka mingi. Kaya kama laki moja zilikuwa zinapata shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini utamu wake uko kwingine. Walipita wakaandika karibu kila kaya katika kaunti hizo nne, hata zisizolipwa, wakazifungulia akaunti. Kile kipimo cha majani kikishuka, hakuna mkutano, hakuna tisheti. Wanaangalia orodha, wanaongeza watu, hela inaingia. Majina yaliandikwa kabla ya njaa. Mimi katika maisha yangu yote ya kulalamika hapa kwenye benchi, hilo jambo moja nimelikubali, na Mama Halima ni shahidi.

Ndiyo maana niliposikia watu wa kuandikisha wanapita Kulamawe, wa mradi mwingine kabisa, siutaji, nilioga. Nikavaa kawaida. Sikutaka kuonekana maskini kupita kiasi, mtu ana heshima yake. Akaja binti mpole na tableti yake. Akakaa. Nani amekaa mkabala? Mama mkwe. Amenyoosha miguu, anatafuna mswaki, masikio yote mbele.

Binti akaniuliza, "Baba, mwezi uliopita kuna siku mlilala bila kula?"

Ungejibu nini wewe? Mwanamke huyu alinipa bintiye. Siku ya kuposa mjomba wangu alimwapia kwamba Baba Abdi hata nchi ikikauka huyu mtoto hatalala njaa. Nikajibu, "Hata siku moja! Hapa ni kusaza tu." Binti akabonyeza. "Nyama mnakula mara ngapi?" Nikasema Ijumaa lazima, na katikati ya wiki tukijisikia. Akabonyeza. "Magodoro?" Mawili. Moja ni la mama mkwe, lakini lilikuwa ndani. "Redio?" Zipo nane, za wateja, mbovu. Akabonyeza zote. "Simu?" Hapo hata sikuhesabu, nilimwonyesha meza.

Binti akamgeukia mama mkwe. Eti naye ahojiwe kama kaya yake, maana amehama kwa ukame. Bibi yule akashusha miguu. Akajikunja. Sauti ikawa ndogo, mimi nilidhani ameugua. Akasema anakula mara moja kwa siku, Mungu akipenda. Akasema mbuzi wake walikufa wote mikononi mwa mtu. Akaulizwa kama ana jamaa wa kumsaidia. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Sina."

Aliingia kwenye orodha. Mimi nilionekana tajiri. Mfumo ukakataa kabisa, binti alisema mwenyewe hajawahi kuona alama kama zangu Isiolo. Pesa zikaanza kuingia kwenye ile mulika mwizi. Na mwenye kusoma ujumbe ni mimi, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Namsomea, "Umepokea." Anasema, "Soma tena." Nasoma tena.

Ukame ulikuja na moto pia, lakini juu ya moto sitasema mengi, maana mimi na moto tulikutana kwa mbali. Machi 2021 jeshi la Uingereza likiwa kwenye mazoezi kule Lolldaiga, Laikipia, moto ukazuka, ukala zaidi ya ekari elfu kumi. Ukame umekausha kila kitu, unategemea nini? Watu wakaenda kortini. Ikachukua miaka, mpaka 2025 ndiyo serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa watu zaidi ya elfu saba. Niligawa. Simu nyingine, mteja mwingine. Nikakuta ni kama pauni mia nne kasoro kwa mtu, na wengine wao walilalamika kwamba ni kidogo. Mimi kilichoniuma ni kwamba nilikohoa sana mwezi ule. Nilikwenda kwa wakili mmoja wa hapa mjini kumwonyesha kikohozi. Akaniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Kulamawe. Akatazama ramani. Akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia hilo halihusiani. Akanitoza ada ya ushauri.

Na ukitaka kujua kwa nini moto wa milimani unatuhusu sisi wa huku chini, tazama Ewaso Ng'iro. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Februari 2019 mlima uliwaka, Februari 2022 Aberdare ikawaka. Wanaokwenda kuzima ni askari wa wanyama, watu wa misitu na vijana wa kujitolea, wengi wao wanapiga moto kwa matawi. Ndiyo, matawi. Helikopta ikipatikana ni sherehe. Na mto ukikauka sisi huku tunatangaziwa hatua ya tahadhari.

Februari 2023, tarehe 14, Rais Ruto akaongoza maombi ya taifa ya mvua pale uwanja wa Nyayo. Siku ya wapendanao! Nilimwambia mama Abdi mwaka huu zawadi ni maombi, maana hata ikulu imefanya hivyo. Hakunijibu, akamtazama mama yake, wakacheka kwa Kiborana. Mimi Kiborana nasikia cha kununua tu. Lakini Machi mvua ikanyesha, sijui kama ni maombi ama ilikuwa zamu yake. Na ilipofika Oktoba mpaka Desemba, ikanyesha ya El Nino mpaka kaskazini yote ikawa ziwa, barabara zikakatika, watu wakakimbilia vilimani na mbuzi wachache waliokuwa wamebaki.

Ndipo nyasi zikaletwa.

Nakuapia. Mvua inanyesha, kila mahali kijani, hata juu ya paa langu kumeota kitu, na lori la marobota ya nyasi kavu za ukame limezama kwenye tope karibu na kwangu. Tukaitwa kusukuma. Tulisukuma mpaka kiatu changu kimoja kikabaki humo humo. Baada ya kusukuma wakasoma orodha, na safari hii, sikiza, jina langu lilikuwamo! Sijui nani aliliandika, labda ni ile siku ya mbuzi kupigwa picha. Mbuzi tisa, marobota matatu. Nikamwambia karani mbuzi hawapo tena. Akasema yeye hajaletewa fomu ya mbuzi, ameletewa fomu ya nyasi. Nikaweka kidole gumba. Yamelowa, mazito, yamenuka ukungu. Mama mkwe akatoka na mwavuli, akalinusa moja, akaniuliza ni za nani. Nikasema ni za mbuzi wako. Akarudi ndani. Nikajaribu kumpa jirani mwenye mbuzi wanne. Mbuzi wake wakanusa wakaenda kula majani mabichi ya ukutani kwangu.

Sasa nasikia wanafungua orodha nyingine, ya walioathirika na mafuriko. Hiyo ina hela, si nyasi. Sharti ni moja tu, picha ya nyumba yako ikiwa na maji ndani. Kwangu mimi maji hayaingii. Nimejenga juu ya mawe, hata yale ya mfereji hayapandi. Nimemwaga ndoo mbili sebuleni nikapiga, ikatoka inaonekana kama mtu anapiga deki, na mama mkwe yuko nyuma amekaa kwenye kiti amekunja uso. Kwa hivyo nilikuwa nakuuliza wewe, unakaa kule chini karibu na laga, si ndiyo? Nikija jioni na kamera, nikisimama hapo mlangoni kwako dakika moja tu na hii tisheti, utaniazima sebule?